Jezi za chokoleti na waridi za komuni ya Kenya, Lubumbashi: mshono unajua kazi, kikaratasi hakijui historia

Nusu ya kulia chokoleti, nusu ya kushoto waridi, mshono mmoja katikati ya kifua. Hiyo ni jezi ya Corinthian-Casuals, klabu ya ridhaa ya Tolworth, pembezoni mwa London upande wa kusini-magharibi, na siku hizi inashonwa kwa mafundi wa komuni ya Kenya, sehemu ya mji wa Lubumbashi, Kongo, na kuuzwa kwa seti ya mayo (jezi) 15 kwa timu za kartie, yaani za mitaani. Anayeipita sokoni hudhani ni sare ya kwaya. Tathmini hii ni ya seti iliyochezewa, ikafuliwa, ikapigwa pasi na kugeuzwa ndani nje, pamoja na kikaratasi cha historia kinachotiwa kwenye mfuko wa kila jezi.

Kitambaa kwanza. Ni poliesta ya kufumwa, upana wa sentimita 150. Jezi ya mtu mzima yenye urefu wa sentimita 75 inakula karibu mita 1.1: kifua na mgongo vinalala sambamba kwenye upana huo, mikono inaongeza sentimita 30 hivi. Kwa kuwa rangi ni mbili, seti ya 15 inataka mita 8 na ushee za kila rangi. Ukihesabu na vipande vinavyopotea mkasini, nunua mita 9 za chokoleti na 9 za waridi. Zinunue siku moja, kutoka roli moja moja. Waridi ya roli mbili hailingani hata kama jina la rangi ni lile lile, na juani timu inaonekana imeazima nguo. Fundi anayesema mita 6 zinatosha amekwisha kuamua kufupisha jezi, na kila golikipa akiruka tumbo litakuwa nje.

Kwenye mshono mafundi hawa wanastahili sifa. Mshono wa katikati umepigwa kwa ovaloki, mashine ya kufunga kingo, ya nyuzi nne, kwa hiyo unavutika pamoja na kitambaa. Ukipigwa kwa cherehani ya kawaida, mshono wa moja kwa moja, uzi unakatika siku ya kwanza mchezaji anapovua jezi yenye jasho. Pindo la chini limepita sindano mbili. Shingo imekatwa fupi kuliko tundu lake, kama sehemu 85 kwa 100, ndiyo maana inarudi mahali pake baada ya kuvutwa. Kitu kimoja cha kukagua kabla ya kulipa: inua jezi kwenye mwanga na uangalie kando ya mishono. Ukiona vitundu vidogo vimepangana, fundi ametumia sindano yenye ncha kali badala ya ncha ya mviringo. Sindano hiyo inakata vitanzi vya kitambaa, na kila tundu litafumuka kwenda chini.

Namba za mgongoni ndizo zinazoharibu seti nzima, kwa sababu mbili. Namba inakaa juu ya mshono wa katikati, na mshono huo umeinuka. Mashine ya joto ikishuka inakandamiza ule ukingo tu. Milimita chache kila upande hazipati uzito, gundi haishiki, na baada ya kufua mara tatu nne namba 8 inafunguka katikati kama mdomo. Dawa yake ni kuweka mto mwembamba wa sponji ndani ya jezi, chini kabisa ya namba, ili ukingo uzame na pande zote zikandamizwe sawa. Umeme ukidhoofika katikati ya kazi, mashine inapoa huku saa yake ikiendelea kuhesabu. Jezi za mwisho za seti ndizo huumia, basi zikague hizo kwanza.

Sababu ya pili ni chokoleti yenyewe. Rangi nzito ya poliesta hugeuka mvuke na kupanda juu ikipata joto kali. Vinili ya kawaida, ile plastiki nyembamba ya kukatia namba, hubandikwa kwa nyuzi joto 150 hadi 160. Namba nyeupe inatoka mashineni inang'aa, na siku mbili tatu baadaye nusu yake iliyo upande wa chokoleti imekuwa na rangi ya chai. Haitoki kwa sabuni yoyote. Omba vinili ya joto la chini, nyuzi 120 hadi 130. La sivyo, achana na mashine: shona namba ya kitambaa cheusi juu ya kiraka cheupe cha mraba, kwa mshono wa zigizaga. Inasomeka kwenye rangi zote mbili, haibanduki, na kwa jezi hii ndiyo inayopendeza zaidi.

Sasa kikaratasi. Wazo ni zuri mno. Jezi chache sana huuzwa mjini hapa zikiwa na maelezo ya zilikotoka. Lakini kimechanganya klabu mbili kuwa moja. Kinasema Corinthian-Casuals ilianzishwa mwaka 1882, na kwamba kwa rangi hizi iliifunga Manchester United 11-3. Mwaka 1882 ni wa Corinthian, timu iliyoundwa na N. L. Jackson, aliyeitwa "Pa", ili wachezaji wa ridhaa wa Uingereza wazoeane wapate kuikabili Scotland, iliyokuwa ikiwafunga mara kwa mara. Corinthian ndiyo iliyoshinda 11-3 mwaka 1904, nayo ilivaa nyeupe. Chokoleti na waridi ni rangi za Casuals, timu ya 1883, iliyochukua Kombe la FA la Ridhaa mwaka 1936. Mbili hizo ziliungana mwaka 1939. Aandikaye miaka ndani ya kola aandike yote mitatu: 1882, 1883, 1939. Akiwa na nafasi ya mmoja tu, uwe 1939, kwa sababu kabla ya hapo hakukuwa na klabu ya jina hilo. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kuukariri mwaka huo: klabu za hapa, TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, nazo ni za 1939, mji ukiitwa Élisabethville.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: eti klabu ya Corinthians ya Brazil ni tawi la Corinthian-Casuals. Si tawi. Corinthian ilizuru Brazil mwaka 1910, ikawavutia wafanyakazi wa São Paulo, wakaanzisha timu yao Septemba mosi mwaka huohuo na kuipa jina la wageni wale. Walichukua jina, wakajijenga wenyewe. Udugu upo lakini, na ungestahili mistari miwili kuliko hilo la tawi. Mwaka 1988 Corinthian-Casuals walikwenda São Paulo kucheza na Corinthians, wakafungwa 1-0, goli la Sócrates, nyota wa Brazil. Kisha Sócrates akabadili jezi na kumalizia dakika za mwisho upande wa wageni, akiwa amevaa hii hii ya chokoleti na waridi. Mwaka 2015 walirudi, wakafungwa 3-0 kwenye uwanja mpya wa Corinthians. Picha ya Sócrates ndani ya rangi hizi ingeuza seti nyingi kuliko tangazo lolote.

Kikaratasi pia kimeacha fainali ya mwaka 1956 ya Kombe la Ridhaa: 1-1 na Bishop Auckland pale Wembley, halafu 4-1 kwenye marudio Middlesbrough. Walishindwa, ndiyo, lakini ndiyo siku klabu iliyoungana ilipofika juu kabisa. Kuhusu leo kimesema kweli: uwanja ni King George's Field, Tolworth, na wachezaji hawalipwi. Timu nyingi za kartie zinazonunua seti hii zinaishi hivyohivyo.

Utunzaji ni mfupi. Vumbi jekundu la kiangazi lisikutane na maji kwanza, litaingia ndani ya waridi. Kung'uta jezi ikiwa kavu, igeuze ndani nje, loweka kwenye maji baridi yasizidi nusu saa. Javeli, dawa ya kung'arisha nguo, marufuku. Anika kivulini. Pasi ya makaa haina kipimo cha joto, nayo inaacha alama inayong'aa kwenye chokoleti isiyofutika. Ukilazimika kunyoosha, weka kitambaa chenye unyevu kati ya pasi na jezi, na namba usiiguse.

Bei wanapatana kwa seti. Toa nusu mwanzo, na nusu ya pili uizuie hadi uvute kila namba kwa kucha, jezi zote 15. Bukta na soksi hazimo. Mwambie fundi mapema, maana soksi za chokoleti mjini ni shida, na timu nyingi huishia nyeusi.