Patasi kuukuu nilizonunua Lamu: jinsi ya kuzijua na kuzipangia bei

Mimi ni mchongaji. Patasi mpya za bei nafuu zilizojaa madukani zimenichosha: unanoa asubuhi, ukiigonga kwenye mbambakofi mara chache tu makali yamekunjika. Kwa hiyo siku hizi natafuta vyombo vya zamani, na hapa naeleza duka moja la vyombo vya mitumba lililoko Langoni, mjini Lamu, ambako nimenunua patasi na bobari (patasi zenye makali yaliyopinda) zilizotoka kwenye sanduku la seremala aliyefariki.

Muuzaji ni mtu wa heshima. Anakuacha uchambue bila kukusukuma, na ukitaka kwenda kuijaribu kwenye mbao anakuruhusu. Bei zake ndizo zenye shida, kwa kuwa anazipanga kwa macho: iliyo kubwa na inayong'aa ni ghali, ndogo yenye kutu anaitupa kwenye ndoo. Patasi moja pana ameing'arisha kwa mashine ya kunolea mpaka jina la kiwanda limefutika, na karibu na makali chuma kimegeuka buluu. Rangi hiyo maana yake kimepata joto kupita kiasi na ugumu umetoka. Utakata sehemu yote ya buluu ndipo upate makali yanayodumu. Alitaka 1,500. Niliirudisha.

Mzee mmoja mchonga milango, aliyekuwa amekaa barazani hapo nje, aliniambia, “Geuza kwanza, mwanangu. Kwa mbele kila patasi ni nzuri.” Ni kweli tupu. Upande bapa ndio unaoamua bei. Kutu ya juu juu haina neno, lakini ikiwa imechimba vishimo karibu na makali, kila ukinoa utakutana na kishimo kingine, na kila kishimo ni pengo kwenye mbao. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, patasi nyingi za hapa zimeharibikia hapo. Yenye vishimo naipunguzia bei nusu, hata iwe na jina kubwa namna gani.

Kisha natazama pua iliyobaki, yaani chuma kigumu kinachoshika makali. Patasi nyingi za karne ya 19 ni vyuma viwili vilivyounganishwa motoni: mwili wa chuma laini, na upande bapa tabaka jembamba la pua. Ile ya inchi moja niliyonunua, nilipoipitisha kwenye kinoo, mstari ulijitokeza kwenye mteremko wa makali: juu kijivu kilichofifia, chini ukanda mwembamba unaomeremeta. Iliyonolewa miaka mingi hadi ikabaki fupi imebakiza pua kidogo, na bei yake ishuke.

Majina yana faida yake pia. Marples wa Sheffield huonekana kwa alama ya jani la shamroki, Robert Sorby ana kangaruu, na E.A. Berg wa Eskilstuna, Sweden, ana papa. Muhuri wa CAST STEEL unaonyesha pua iliyoyeyushwa kwenye vyungu, njia aliyoianzisha Benjamin Huntsman huko Sheffield miaka ya 1740. Muhuri huo ulitumika sana karne ya 19 na kuingia karne ya 20. Neno England nalo linasaidia, kwa kuwa kuanzia 1891 sheria ya Marekani ilidai bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Lakini lisipokuwepo, usikubali kuuziwa “ya kale sana” kwa sababu hiyo peke yake. Si kila chombo kilipelekwa Marekani.

Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa ndani ya ile ndoo: bobari ya S.J. Addis, jina la London ambalo baadaye lilichukuliwa na Ward & Payne wa Sheffield. Imepigwa namba 9, yaani mkunjo wake ni karibu nusu duara. Namba 3 ingekuwa imepinda kidogo tu. Kwa sisi wa nakshi namba hiyo ni muhimu kuliko upana, maana petali ya ua inafuata mkunjo wa bobari. Nimeipata kwa 300. Kwa hali yake, mchongaji anayeijua angelipa 2,500 bila kubishana.

Niliilaza kwenye siki usiku mmoja, nikaisugua kwa brashi, nikaisuuza na kuikausha vizuri, kisha nikaipaka mafuta ya cherehani. Muhuri wote unasomeka. Mpini nimeuacha uleule, haujapasuka na pete yake imeshika.

Duka nalipatia nyota nne kati ya tano. Nyota moja naizuia mpaka ile mashine ya kunolea iache kugusa vyombo kabla ya wateja kuviona. Nimemwambia mwenyewe, na ameniahidi kuwa sanduku lijalo ataliacha na kutu yake.