Miezi saba na kihisi cha gesi cha MQ-2 jikoni kwa dada yangu, Kirumba

Dada yangu mkubwa anapika chakula cha kuuza Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka mwaloni, yaani ufukweni pa mitumbwi ya wavuvi, katika chumba cha mabati chenye dirisha moja, na mtungi wake wa gesi wa kilo 15 unakaa pembeni ya mlango. Asubuhi moja alifungua mlango akapokewa na harufu ya gesi, kwa sababu mpira ulikuwa umepasuka karibu na regulata usiku. Hakuwasha chochote, aliacha mlango wazi, akatoka nje na kunipigia simu. Wiki hiyo hiyo tulibadilisha mpira, nami nikanunua kihisi cha MQ-2 kwa shilingi 8,000 hapa mjini. Ninayoandika ni ya miezi saba niliyokitumia, kwanza mezani kwangu Nyegezi, kisha jikoni kwake.

Kihisi chenyewe ni kikopo kidogo chenye wavu wa chuma usoni, kimepachikwa kwenye kibao chenye pini nne. Ndani yake kuna oksidi ya bati inayopashwa moto na waya mwembamba. Katika hewa safi, oksijeni hushikamana na uso wa oksidi hiyo na umeme hupita kwa shida. Ikifika gesi inayoweza kuwaka, oksijeni ile hupungua, ukinzani hushuka, na volti kwenye pini ya analogi, ile inayotoa kipimo, hupanda. Kulielewa jambo hili kulinisaidia kuliko programu yoyote niliyonakili, maana karibu kila tabia inayowasumbua wanaoanza inatokana na ule moto wa ndani.

Usiku wa kwanza nilikiunganisha na Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta inayosoma volti hiyo kama namba kuanzia 0 hadi 1023, na namba ya kwanza niliyoiona ilikuwa 612 kati ya 1023, nikaamini nimeuziwa kibovu. Nikakaa nikiitazama ikishuka, 540, 410, 300, mpaka baada ya robo saa hivi ikatulia karibu na 150. Wavu ulikuwa na joto kama la kikombe cha chai. Kwa vipimo vya kutegemewa, kihisi kipya kinatakiwa kwanza kikae kwenye umeme saa 24 au zaidi. Moto huo hula takriban miliampia 150 kwa volti 5, kwa hiyo betri ndogo haifai, na pini ya volti 3.3 haikipashi inavyotakiwa. Anayetumia ESP32, bodi nyingine ya aina hiyo, apitishe pini ya analogi kwenye rezista mbili za kugawa volti, kwa kuwa pini za bodi hiyo hazivumilii zaidi ya 3.3.

Lalamiko langu kubwa ni juu ya namba. Nilinunua cha pili kwa muuzaji yule yule, nikaviweka bega kwa bega katika hewa ile ile, kimoja kikasoma 150 na kingine 230. Mvua ikinyesha kutoka ziwani na unyevu ukapanda, vyote viwili hupanda bila gesi yoyote. Kwa sababu hiyo siamini programu zinazoandika kwenye kioo kiasi kamili cha gesi kwa sehemu za milioni, isipokuwa mtu awe amekipima kihisi chake kwa gesi ya kiwango kinachojulikana, jambo ambalo wengi wetu hatuna uwezo nalo nyumbani. Kihisi hiki kinaeleza vizuri kwamba hewa imebadilika. Hakielezi imebadilishwa na nini, maana moshi, spiriti na gesi ya kupikia vyote hukipandisha.

Jikoni nilikosea mwanzoni kwa kukifunga, pamoja na king'ora chake, juu ya jiko. Siku ya pili dada akanipigia: "Mdogo wangu, chombo chako kinalia kila nikikaanga dagaa. Wateja wanakimbia." Nikaenda, nikakishusha hadi kimo cha goti karibu na mtungi, mbali na kikaango, kwa sababu gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini. Programu nayo nikaibadilisha: huchukua wastani wa vipimo kumi, hulinganisha na hali ya kawaida ya siku hiyo, na hulia pale tu ongezeko linapodumu sekunde kumi. Tangu hapo dagaa hawajakiliza tena.

Sikuweka rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya kuwasha feni, ingawa wengi hufanya hivyo, kwa kuwa cheche ya rilei au ya feni ndani ya chumba chenye gesi ni hatari yenyewe. King'ora peke yake kinatosha, naye dada anajua la kufanya: asiguse swichi, afungue mlango, afunge mtungi ikiwa anaweza kuufikia salama, atoke.

Kwa kujifunzia na kwa onyo la ziada, nakipendekeza kwa moyo wote. Gesi ya kupikia huanza kuweza kulipuka ikifika takriban asilimia 2 ya hewa, yaani sehemu 20,000 kwa milioni, na kihisi hiki hutajwa kuanza kuihisi kwenye mamia machache tu, kwa hiyo nafasi ya kuonya mapema ipo. Wanaopika kwa mkaa ndani wasikitegemee kwa ile hewa ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksidi. Kazi hiyo ina kihisi chake, MQ-7, chenye namna yake ya kupashwa moto.

Kila Jumapili, kabla ya kuwasha jiko, dada hukisogezea kiberiti cha gesi, akabonyeza bila kutoa cheche, na kusubiri mlio. Wiki iliyopita kilichelewa kulia, nikakuta wavu umefunikwa na masizi na mafuta. Nimeamua kukibadilisha, na kipya sasa kiko mezani kwangu kikipata moto wa saa zake 24.