TAHADHARI: Fundi wa "nabadilisha mabomba yote" ameniachia chuma kilekile ukutani

Jamani, nimekaa na hasira hii hadi imenishinda. Yule fundi bomba niliyekuwa namsifu, yule ambaye baadhi yenu niliwapa namba yake, ni tapeli. Futeni namba. Aliyempa miadi aivunje. Aliyekwisha kumlipa atafute tindo na nyundo kabla hajamaliza kusoma.

Mambo ya bafu la juu, maji kutopanda hadi tunaoga kwa kopo, mnayajua, sirudii. Naenda moja kwa moja kwenye siku aliyoninasa.

Alikuja asubuhi, ovaroli imepigwa pasi, salamu ya adabu. Hakukimbilia bei. Aliuliza mita iko wapi, akaenda peke yake, akainama pale kwenye koki kubwa "kukagua", akarudi ndani na kufungua bomba la jikoni. Maji yakatoka kama uzi. Presha yetu ilikuwa mbovu tangu zamani, lakini siku ile ilizidi, na mimi kwa mdomo wangu nikasema, "Afadhali nimekuita mapema, naona hali inaharibika." Akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma! Nikikumbuka kile kichwa kilivyokuwa kinatikisika natamani kuvunja kitu.

Kisha akatoa kwenye begi kipande cha bomba la chuma kilichopasuliwa kwa urefu. Ndani kumejaa kutu, kidole kidogo hakipiti. Akanieleza taratibu: bomba hili hupakwa zinki, zinki ikilika chuma hushika kutu, na kutu huota kwa ndani mwaka hadi mwaka. Tundu likipungua upana kwa nusu, nafasi ya maji hubaki robo. Na yote hayo ni kweli! Nimeuliza watu, nimesoma, ni kweli tupu. Ndiyo maana anayeniambia nilikuwa mzembe simwelewi. Huyu alinipa somo sahihi, kisha akaniibia nikiwa bado nalishangaa.

Halafu tazameni mwenyewe alivyojipanga. Ana mashine yake ya kuchomea PPR, yale mabomba ya plastiki yanayoungwa kwa joto, na nilimwona akisubiri ifike nyuzi joto 260 ndipo aunge. Hakuomba ujira mbele. Eti, "Vifaa nenda kanunue mwenyewe, risiti kaa nazo mwenyewe, mimi sishiki hela yako." Ni nani kati yenu angemshuku mtu wa namna hiyo? Nikanunua mabomba ya nyumba nzima, ya PN20 (hilo ni daraja la presha), maandishi yamepigwa ubavuni, na elbo, tii, soketi za nyuzi, yaani viungio vya kukaza kwa kuzungusha, kila kitu alichoandika. Mama mkwe ni shahidi. Yeye hamwamini mtu yeyote, mimi mwenyewe hajaniamini hadi leo, lakini alisema kijana huyu kalelewa vizuri.

Tukaambiwa vumbi litakuwa baya kwa mtoto, twende kwa shemeji hadi kazi iishe. Tuliporudi kuta zilikuwa na mistari mirefu ya plasta mbichi, kutoka juu hadi chini, kila bomba lilipopita. Akaniambia, "Fungua mwenyewe, mzee." Nikafungua. Maji yakaruka yakanilowesha shati. Akafunga geji ya kupimia presha kwenye bomba la nje, sindano ikasimama kwenye bar 3 (bar ni kipimo cha presha). "Uliwahi kuwa na hiyo?" Nikacheka kwa furaha. Nikamlipa, na nikamwongezea juu ya makubaliano. Nilimwongezea! Mke wangu akatupiga picha nimemshika bega. Mmeiona ile picha. Aliyeihifadhi aifute, namwomba kwa heshima.

Baadaye ukuta wa nyuma ya bafu ukaanza kulowa. Napiga simu, inaita bila kupokewa, mara haipatikani kabisa. Nikaita fundi mwingine, mzee mmoja asiye na maneno mengi. Akachimba, akachungulia, akasema, "Baba, njoo uone mwenyewe." PPR imeanzia kwenye koki ya bafu, imeingia ukutani urefu wa mkono tu, ikaishia kwenye soketi ya nyuzi iliyofungwa juu ya bomba la chuma. Lilelile la zamani! Nyuzi zimeliwa na kutu, ndiyo maana pale panavuja. Tukachimba jikoni, hivyohivyo. Chooni, hivyohivyo. Ile mistari ya plasta ilipakwa juu ya ukuta uliokwaruzwa tu. Mabomba yangu mapya aliondoka nayo, na kama yamefungwa kwako wewe unayesoma, ujue ni ya kwangu.

Sasa yale maji ya kuruka yalitoka wapi? Mzee alinipeleka kwenye koki ya mita. Kwa maoni yake, na sina la kumpinga, siku ya kwanza ile koki iliminywa, na siku ya mwisho ikafunguliwa yote, na vichujio vya midomo ya mabomba vikasafishwa. Basi. Geji nayo ilikuwa maigizo. Koki zote zikiwa zimefungwa na maji yametulia, geji husoma presha inayoingia hata kama njia ya ndani imebakiwa na katundu ka sindano. Ifungwe ndani ya nyumba, kisha fungua koki mbili kwa pamoja. Sindano ikiporomoka, kuna mahali njia imeziba.

Watu wananiambia dalili zilikuwepo. Haya, zipi? Maji yalitoka mekundu mwanzoni, akasema ni vumbi la mabomba mapya. Plastiki haishiki kutu, ile ilikuwa kutu ya zamani iliyotikiswa na nyundo zake. Sikuona rundo la vyuma vilivyong'olewa, na nyumba nzima haiwezi kukosa rundo. Tena alipaka plasta bila kupima. Mabomba mapya hujazwa maji na kupigwa presha kwa pampu ya mkono, mara 1.5 ya presha ya kazi, yakiwa bado wazi yanaonekana. Kulikuwa na jingine, limenitoka kwa hasira.

Ee, limerudi: alinifanya ninunue ya milimita 20 nyumba nzima. Mzee kasema hicho ni kipimo cha nje. Kwenye PN20 ukuta wa bomba ni milimita 3.4, hivyo ndani inabaki 13.2, pembamba kuliko bomba la chuma la nusu inchi likiwa jipya. Njia kuu ilitaka 25 au 32. Kwa hiyo hata angeifanya kazi kwa uaminifu, angeiharibu!

Na kwa wale mnaoishi na tangi la juu: mita 10 za kimo ndizo zinazotoa kama bar 1. Tangi lako likiwa mita 3 juu ya bomba una bar 0.3, na fundi anayekuahidi bar 3 kwa kubadilisha mabomba bila pampu ni ndugu yake huyu wangu.

Mimi sitaki kusikia habari ya kurudishiwa pesa tukayamaliza. Afungwe. Ile mashine ichukuliwe. Azungushwe nyumba zote alizopita azichimbe kuta kwa mkono na kuziba kwa gharama yake, na jioni akaoge kwa kopo, maji baridi, hadi uzeeni. Mnaosema nimsamehe kwa sababu bado ni kijana, mleteni aje awafungie mabomba ninyi.

Jalada nimefungua polisi. Aliyefanyiwa kazi naye anitafute faragha, aje na risiti za vifaa. Mkichimba, pigeni picha ile soketi ikiwa imeng'ang'ania chuma kabla hamjaigusa. Nasikia ameshabadilisha laini.