Mvinyo ulioshinda joto la kabati langu

Nimeshamwaga mvinyo mwingi kwenye sinki. Ukiishi Dar kwenye nyumba isiyo na kiyoyozi, chupa nyekundu uliyoifungua Ijumaa, ikifika Jumatatu ni siki ya kachumbari. Kwa hiyo niliponunua chupa ya Bual ya miaka 10, mvinyo wa Madeira wa kampuni ya Blandy's, kule Funchal, kwenye kisiwa hicho cha Ureno, nikaambiwa ikishafunguliwa inakaa miezi, nilicheka kimoyomoyo.

Niliifungua Krismasi. Sasa ni mwisho wa Machi, chupa imesimama kabatini juu ya jiko, na ladha ni ileile.

Kumbe joto ndilo lililoupika. Zamani meli za kwenda India zilipitia Madeira kupakia mapipa, na mvinyo ukaongezewa pombe kali usiharibike njiani. Mapipa yaliyokatiza nchi za joto yakarudi bila kuuzwa, yalipoonjwa yakawa matamu kuliko yaliyobaki kisiwani. Wafanyabiashara wakaanza kuyasafirisha makusudi, kwenda na kurudi! Siku hizi safari hiyo inafanyika darini. Mapipa hupangwa juu ya magogo chini ya paa, jua likapiga mwaka baada ya mwaka, na kadiri mvinyo unavyokua huteremshwa ghorofa za chini zenye ubaridi. Ule wa bei nafuu hausubiri: hutiwa kwenye matangi na kupashwa nyuzi 45 hadi 50 kwa miezi 3 au zaidi.

Bual ni zabibu nyeupe, lakini kilichomo kwenye glasi kina rangi ya chai ya mkandaa. Harufu ni ya kashata iliyoanza kuungua, na ganda la chungwa kwa mbali. Utamu unatangulia, halafu unakuja ukali kama wa ukwaju unaousafisha ulimi, ndiyo maana haukinaishi. Kilevi ni asilimia 19, kwa hiyo mimi napimia kikombe cha kahawa.

Lalamiko langu ni hiyo namba 10. Nilidhani ni mvinyo wa mavuno ya mwaka mmoja, kumbe ni mchanganyiko wa mapipa ya umri tofauti. Wangeliandika hilo waziwazi kwenye chupa. Bei nayo si ya kunywea kila wiki.

Shemeji alitaka kuutilia barafu na soda. Robo iliyobaki nimeificha nyuma ya unga wa sembe.