The Return of the King: uzoefu wangu, na kwa nini nawapinga waliosema mwisho wake ni mrefu

Muvi hii, ya tatu na ya mwisho kwenye zile za The Lord of the Rings, nimeiona mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili imepita karibu miaka ishirini, na ile ya kwanza kumbe hata sikuimaliza. Nilikua darasa la sita Tukuyu, kulikua na kibanda umiza kimoja si mbali na stendi, watoto shilingi mia, mabenchi ya mbao, dirisha limezibwa na gunia, tivi ya chogo juu ya kabati na deki chini yake. Ilikua ya kutafsiriwa, jamaa anaongea juu ya sauti zote mpaka farasi anawasemea. Tumekaa pale tangu mchana, mara pete ikadondoka kwenye moto, mnara ukaanguka, mlima ukapasuka, kibanda kizima tukasimama tunapiga makofi na kurukaruka, na hapohapo mwenye kibanda akachomoa diski kwa sababu mpira wa Uingereza ulikua unaanza na wakubwa walishaanza kulipia. Imeisha, tokeni nje. Tukatoka. Miaka yote hiyo nimeishi nikijua inaishia pale, na kila nikisikia watu wanalalamika eti muvi ile haiishi nilikua sielewi wanaongelea nini.

Mwezi wa saba nilienda likizo kwa baba mkubwa, kulekule Tukuyu. Kabla sijapanda gari Mbeya nilipita Mwanjelwa nikawekewa zote tatu kwenye flashi, na hii ya tatu nikaomba lile toleo refu la dakika 251, maana ile iliyoonyeshwa majumba ya sinema mwaka 2003 ina dakika 201 tu. Niseme kabisa sabtaito zilikua zinachelewa, mtu anamaliza kuongea ndo maneno yanatokea, ikabidi nizisogeze mwenyewe kwenye programu ya kuchezea video, kwa hiyo ukinunua kwa mtu ifungue kwanza palepale uangalie. Picha ilikua safi lakini.

Sasa baba mkubwa mimi alipigana vita ya Kagera. Aliondoka akiwa kijana wa miaka ishirini na moja, akafika mpaka Kampala mwaka 1979, na nyumbani haongelei, tumekua tunajua tu kwamba alienda. Sikupanga aangalie na mimi. Baridi ya Tukuyu mnaijua, mvua inanyesha mwezi wa saba kama vile imesahau kalenda, mama mkubwa kapika mbalaga na chai ya maziwa, umeme upo, nimewasha laptopu na sabufa mezani, akaja akakaa kwa sababu sebuleni ndo kuna joto. "Hii ni ya nini mwanangu?" Nikamwambia ni ya vita, ya zamani za kale, kuna kijana mdogo kabeba kitu kizito anatakiwa akakitupe kwenye mlima wa moto, na vijana wenyewe ni watu wafupi, wakulima tu, hawajawahi kutoka kwao. Akavuta kiti.

Niliyoyapenda ni mengi sana ila nitaje machache. Ile mioto ya kuitana msaada, inawashwa kilele kimoja, cha mbali kinajibu, kinajibu kingine, mpaka inavuka safu nzima ya milima, pale hakuna mtu anaongea, ni muziki wa Howard Shore na milima ya New Zealand basi, mwili ulinisisimka. Mtu wa Mbeya ukiwahi kuona usiku moto wa nyasi umeshika kule Loleza mwezi wa tisa unajua moto juu ya mlima unavyoonekana mbali, unaweza ukadhani uko hapo nyuma ya nyumba. Halafu ule mlima wenyewe, Mount Doom, kuna sehemu walipiga picha kwenye milima ya volkano ya kweli kule New Zealand, Ruapehu na Ngauruhoe, na mimi niliyekulia chini ya Rungwe nilikua naangalia yale mawe meusi kama mtu anayeangalia jirani yake. Na Sam jamani. Sam anavyomkumbusha mwenzake Frodo, yule kijana aliyebeba pete, nyumbani kulivyo, matunda, msimu wa kuchanua, na mwenzake anajibu kwamba hakumbuki tena hata ladha ya chakula, ndipo Sam anamwinua anambeba kupanda naye mlima. Sam ndo yule wa sehemu ya pili anayetetea viazi kwa nguvu zote, yaani yule angezaliwa kwetu ni mtu wa Uporoto kabisa.

Mlima ukapasuka. Nikajisemea haya, kuanzia hapa ni mapya.

Na hapa ndo wachambuzi wengi walipokasirikia. Muvi ilisifiwa sana kwa ujumla, kwenye Oscar za 2004 iliteuliwa vipengele 11 ikachukua vyote 11, ikawafikia Ben-Hur na Titanic kwa idadi, na ndo muvi ya kwanza ya hadithi za kichawi kupewa ile tuzo kubwa ya picha bora. Lakini lalamiko lililoenea ni moja, kwamba inaisha, halafu inaisha tena, halafu tena, skrini inakua nyeusi mtu anashika koti lake anyanyuke kumbe bado. Hata Roger Ebert, mchambuzi wa Marekani aliyeheshimika sana, aliyeisifu kweli na kuipa nyota tatu na nusu kati ya nne, aliandika kwamba hadithi yenyewe ni ya kipuuzi kidogo, haiwezi kubeba uzito wa hisia unaotakiwa kwa kazi kubwa kabisa.

Niwaeleze nilichokiona kwenye kiti cha pembeni yangu.

Wale vijana wafupi wanne, Frodo, Sam na wenzao wawili, wanarudi kijijini kwao. Kila kitu kipo vilevile, kijani, maua, watu wanafagia. Jioni wanaenda kukaa baa yao ya zamani, wameshika vikombe vyao. Baa imejaa, na kelele zote ni kwa ajili ya mzee mmoja aliyeingia na boga kubwa, watu wanalishangaa hilo boga. Hakuna anayewageukia wale wanne. Wao wanaangaliana, hawasemi kitu, wanagonganisha vikombe wanakunywa. Ni sekunde chache tu, haina upanga wala joka.

Baba mkubwa akaweka kikombe chini. "Rudisha hapo." Nikarudisha. Akaangalia tena mpaka mwisho wa ile baa, akasema, "Sisi walitupokea vizuri, ngoma zilipigwa. Siku ya tatu nimekaa kilabuni na wenzangu wawili tuliorudi pamoja, watu wanabishana bei ya kahawa. Wanabishana kweli, wanataka kupigana. Na sisi tunaangaliana hivyohivyo." Basi. Hakuongeza. Miaka yangu yote thelathini na kitu hiyo ndo stori ndefu kuliko zote aliyowahi kunipa ya vita ile, na imetoka kwa sababu ya boga.

Kwa hiyo mtu akiniambia mwisho ule ni mrefu namuuliza ungekata wapi? Ukikata pale mlima unapopasuka, kama alivyotukatia yule mwenye kibanda, umebaki na watu walioshinda. Kurudi nyumbani ndo habari yenyewe. Tolkien aliyetunga kitabu alikua askari, alikuwepo kwenye mapigano ya Somme kule Ufaransa mwaka 1916, na mpaka vita ile ya kwanza ya dunia inaisha marafiki zake wa karibu wote walikua wamekufa isipokua mmoja. Mtu wa namna hiyo akiandika kijana anarudi kwao, kila kitu kizuri, na bado bega lenye kidonda cha zamani linamuuma kila mwaka ikifika tarehe ileile, huo sio upuuzi. Ebert namheshimu lakini hapa alikosea.

Lawama zangu mimi ni za upande mwingine, nasema mwisho wameufupisha! Kitabu nilikisoma nikiwa chuo, nilikiazima kwa mwalimu nikakaa nacho miezi minne na dikshenari pembeni, na mle wale vijana wakirudi hawakuti maua. Wanakuta kijiji kimeharibiwa, miti imekatwa, nyumba zimebomolewa, kuna wababe wanaamrisha watu na kunyang'anya mavuno, na aliye nyuma ya yote ni Saruman, yule mchawi waliyedhani keshamalizwa. Wanalazimika kupigana tena, nyumbani kwao, bila mfalme wala mchawi wa kuwasaidia. Peter Jackson, mwongozaji wa muvi, hiyo sura nzima aliitoa. Kwenye toleo refu Saruman anafia kulekule kwenye mnara wake mwanzoni kabisa mwa muvi, na kwenye lile fupi hata hicho kifo hakimo, Christopher Lee aliyemwigiza alikatwa muvi nzima na hakufurahia. Naelewa kwamba masaa yalikua yameshakua mengi, lakini inaniuma, maana ile sura ndo inaonyesha kwamba vita inakufuata mpaka mlangoni, na baba mkubwa angeielewa kuliko zote.

Lingine ni lile jeshi la wafu. Kwenye muvi wanashuka melini kama maji ya kijani wanamaliza vita nzima kwa dakika mbili, watu wamekufa uwanjani tangu asubuhi halafu kumbe kazi ilikua rahisi hivyo. Kitabuni wafu wanawatisha tu wenye meli huko kusini wanakimbia, wanaokuja kuokoa mji ni watu hai, wenye damu. Na pale Frodo anapomfukuza Sam kwenye ngazi eti kisa mkate, hiyo haimo kitabuni kabisa, na sitaki kuamini Sam angegeuka hata hatua kumi. Christopher, mtoto wa Tolkien, mwaka 2012 alisema kwenye gazeti la Le Monde kwamba kitabu cha baba yake kimegeuzwa muvi ya mapigano ya vijana wa miaka 15 hadi 25, na kwenye haya mawili nampa haki yake. Kwenye lile boga simpi.

Mwishoni kabisa Frodo anapanda meli. Baba mkubwa akauliza anaenda wapi, nikamwambia anaenda mahali labda atapona. "Na yule aliyembeba?" Anabaki, ana mke na watoto. Akatikisa kichwa, majina yakaanza kupanda, yeye kakaa tu, mama mkubwa kaja kutoa vyombo kazunguka miguu yake.

Naipa tisa kwa kumi, na ile moja niliyokata ni ya kijiji kilichoharibiwa ambacho hawakutuonyesha. Anza na za nyuma mbili kwanza la sivyo hutamjua nani ni nani, dakika 251 zigawe siku mbili kama kesho una kazi, sabtaito zikague, na kama utapata lile fupi tu chukua hilohilo, meli na boga vyote vimo.