Axio Hybrid kwenye milima ya Mbeya: miezi sita na daftari la mafuta

Tangu nilete gari hili mjini, hakuna wiki inayopita bila mtu kuniuliza linakula mafuta kiasi gani. Huwa naanza kueleza nikiwa nimesimama barabarani, halafu kila mmoja anashika njia yake kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Leo nimekaa, nimefungua daftari.

Gari ni Toyota Corolla Axio Hybrid ya mwaka 2014, injini ya petroli ya cc 1,496 inayosaidiana na mota ya umeme. Limetumika Japani, lakini hapa nchini mimi ndiye wa kwanza kuliendesha, kwa hiyo kwangu ni jipya. Kabla yake nilikuwa na Toyota Mark II, ile GX 110. Nililipenda sana gari lile, lakini kwa mizunguko yangu lilikuwa linanipa kilomita 9 kwa lita, na nikibanwa na foleni lilishuka hadi 7. Duka langu la pembejeo lipo Mwanjelwa, nyumbani ni Uyole, mama yuko Tukuyu, na mara moja moja nakwenda Iringa kufuata mzigo mdogo wa mbegu. Mafuta kwangu ni gharama ya biashara sawasawa na kodi ya fremu.

Kwanza nieleze nilivyopima, maana namba bila namna ya kuipima haimsaidii mtu. Najaza sheli ileile ya Uyole, pampu ileile, tenki linajazwa hadi bomba likate lenyewe mara ya kwanza, basi. Hapo ndipo penye kazi. Vijana wa pampu wana mazoea ya kuongeza kidogo kidogo ili hesabu ifike elfu iliyo kamili, chenji isisumbue. Ile nusu lita ya kuongezea inatosha kuharibu hesabu ya tenki zima, kwa sababu tenki la gari hili ni dogo, lita 36 tu. Ilibidi nizoeane na kijana mmoja pale, sasa akiniona anasema mwenyewe, "Leo tunakata ikikata, bosi." Naandika kilomita, lita, tarehe na hali ya hewa. Daftari linakaa kwenye droo ya dashibodi, kalamu nimeifunga kwa uzi ili watoto wasiichukue.

Kuanzia Machi hadi mwisho wa Agosti nimetembea kilomita 6,140 na nimenunua lita 291. Ni kilomita 21.1 kwa lita. Skrini ya gari yenyewe hutaja zaidi ya hapo, mara nyingi kilomita moja na nusu hadi mbili juu ya ninachopata kwa pampu. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha ya dashibodi, iangalie, lakini usipige nayo hesabu ya nauli.

Kiwandani walitangaza kilomita 33.0 kwa lita. Namba hiyo ni ya kipimo cha Kijapani kinachoitwa JC08, gari likiwa juu ya rola ndani ya jengo, likifuata ratiba ya mwendo iliyopangwa sekunde kwa sekunde. Hakuna Mlima Nyoka mle ndani, wala lori lenye mzigo wa shaba linalopanda mbele yako kwa mwendo wa mtu anayetembea. Sijaona sababu ya kulaumu tofauti hiyo. Ni namba ya kulinganisha gari na gari, wala haikuwekwa kwa ajili ya kukadiria safari ya Uyole kwenda Kiwira.

Kwa fedha ni hivi. Bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Mbeya tunalipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafiri, basi nichukue shilingi 3,000 kwa lita kwa wepesi wa hesabu. Kwa mwezi natembea kilomita elfu moja na kidogo. GX ingekunywa kama lita 114, shilingi 341,000. Axio inakunywa lita 48 na nusu, shilingi 145,500. Zinabaki zaidi ya 195,000 mkononi kila mwezi. Kwa duka la ukubwa wa langu, hiyo inalipa sehemu nzuri ya mshahara wa kijana anayenisaidia.

Mjini ndiko gari hili linakojua kazi yake. Ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi umetuletea vumbi, michepuko na foleni, na kuna siku nimekaa dakika arobaini kutoka Sae hadi Kabwe. Katika foleni ya namna hiyo GX ilikuwa inaunguruma tu na kumeza. Axio inazima injini, inasogea kwa umeme mita ishirini, inasimama, inasogea tena, na unachosikia ni sauti za bajaji na bodaboda zinazokupita ubavuni. Machi na Aprili, tenki la mizunguko ya mjini peke yake lilinipa kilomita 530 kwa lita 26.0, yaani 20.4 kwa lita.

Kisha ukaja Juni, ukaja na Julai. Tenki moja la Julai nilitembea kilomita 524 kwa lita 29.8. Gawanya mwenyewe: 17.6. Njia ileile, dereva yuleyule, foleni ileile. Nilihangaika sana. Nilidhani betri imeanza kuchoka, nikapima upepo wa matairi kila asubuhi kwa wiki nzima, hadi siku moja nilipokaa kimya ndani ya gari pale nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na nikasikiliza. Betri ilionyesha ina chaji ya kutosha, lakini injini iliwaka yenyewe na haikuzima. Ilikuwa inajipasha moto. Na mimi nilikuwa nimewasha hita kwa ajili ya watoto. Joto la hita linatoka kwenye maji ya injini, kwa hiyo ukiidai hita, injini hairuhusiwi kulala. Kutoka kwangu hadi dukani ni kilomita 9 hivi, na sehemu kubwa ni ya kuteremka kidogo, ambako gari lingeweza kwenda kwa umeme bila shida. Karibu nusu ya safari injini ilikuwa inawaka kwa ajili ya kupasha joto tu.

Tangu hapo watoto wanavaa masweta mawili na hita hatuigusi mpaka tuvuke Ilomba. Agosti baridi ilikuwa bado kali asubuhi, na tenki la mjini likarudi 19.3. Kwa watu wa Makete na Njombe, ambako baridi ni kali kuliko hii yetu, nawasihi muihesabu hita kabla ya kuhesabu kitu kingine.

Sasa milima, maana hapa ndipo maneno ya gereji yanapokuwa mengi. Wapo wanaosema hybrid haifai milimani, betri itakufa. Wapo wanaosema milima ndiyo raha yake kwa sababu inajichaji ikiteremka. Nimepima safari ya Tukuyu mara nne, kwenda na kurudi, nikijaza Uyole kabla na baada. Iliyo ya kawaida kabisa: kilomita 142, lita 6.6, sawa na 21.5 kwa lita. Ukiangalia skrini njiani utaogopa. Kupanda kutoka Uyole hadi njia panda ya Isyonje inaonyesha 11 au 12, halafu unateremka kwenda Kiwira na namba inapanda mpaka unashangilia. Kurudi ni hivyohivyo kwa upande wa pili.

Lakini mteremko haukurudishii ulichotumia kupanda, na sababu yake inaeleweka vizuri kwa lugha ya LUKU. Gari likiwa na watu wanne na mizigo, uzito unafika kama kilo 1,400. Uzito huo ukishuka mita 260 za kimo, unaachia nguvu sawa na uniti moja ya umeme. Sehemu ya nguvu hiyo inaliwa na upepo na matairi, sawa, lakini kutoka juu kwenda Kiwira unashuka mita 260 zaidi ya mara mbili. Betri ya gari hili, yote kwa jumla, haifiki uniti moja, na gari linatumia sehemu tu ya uwezo huo ili kulinda betri yenyewe. Kwa hiyo baada ya kilomita chache za mteremko betri imejaa pomoni. Kinachobaki hakina pa kuwekwa.

Hapo ndipo kuna gia ya B, na nawaomba wenye hybrid wote wa ukanda huu waijue. Mara ya kwanza nilipoitumia nilikuwa na mama kiti cha nyuma, amekumbatia kikapu chake, tunateremka kuelekea Kiwira. Nikavuta gia kwenda B, injini ikapandisha sauti kali ghafla, gari likapunguza mwendo. Mama akashtuka: "Mwanangu, mbona linalia hivyo na wewe hujakanyaga kitu?" Nikamwambia, "Ndilo linajizuia mama, halijaharibika." Injini inazungushwa na matairi bila kuchoma mafuta, na kule kuzunguka kwake ndiko kunakoshika gari, breki zako zinapumzika. Mama aliomba Mungu kimoyomoyo hadi tulipofika chini, ila breki zilikuwa baridi. Na tafadhali, ile tabia ya kuweka N, yaani gia huru, mlimani ili "kuokoa mafuta" iacheni. Kwenye gari hili ukiweka N betri haichajiwi kabisa, na umebaki na breki za mguu peke yake katika barabara ambayo sote tunajua imemeza magari mangapi.

Jambo jingine linaloulizwa sana ni hewa ya juu. Mbeya tuko kwenye mita 1,700 hivi, hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia 15 kuliko ya pwani, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inapungukiwa nguvu. Utaisikia ikipanda Isyonje na watu wanne, inahitaji subira. Lakini upepo unaolizuia gari kwenye tambarare nao ni mwepesi kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo sijaona hasara kwenye daftari.

Iringa ilinishangaza, maana nilitegemea barabara ndefu itatoa namba kubwa kuliko zote. Kutoka Uyole hadi Ipogolo nilisoma kilomita 322, nikaongeza lita 14.2. Ni 22.7. Kurudi 21.6. Siyo mbaya hata kidogo, ila tofauti na mjini ni ndogo kuliko nilivyodhani, kwa sababu barabarani injini inafanya kazi karibu muda wote na umeme unabaki msaidizi. Nilikwenda kwa 80, nikiheshimu vibao vya 50 vijijini, maana trafiki wa njia ile tunawajua. Safari nyingine nilikuwa nawahi msiba, nikakanyaga 110 kila nilipopata nafasi kati ya Makambako na Mafinga. Nilipata 18.9. Mtu anayeishi barabarani kwa mwendo huo, kila wiki Mbeya na Dar, sidhani kama hybrid itamlipa tofauti ya bei ya kununulia.

Kuna kosa moja liligharimu tenki mbili. Mwezi Mei nilipeleka gari kwa fundi mmoja kubadilisha oili, nikaenda zangu kunywa chai. Niliporudi alikuwa ameweka 20W-50, ile nzito tuliyozoea kwenye magari ya zamani, akiamini kabisa ananitendea wema. Gari hili linataka oili nyepesi, 0W-20. Namba ya mjini ilitoka 20.2 ikaenda 19.0, na asubuhi lilikuwa linaamka kwa uzito. Baridi nayo ilikuwa imeanza, siwezi kuitupia oili lawama yote, lakini nilipoirudisha ile nyepesi, tenki lililofuata lilipanda kabla hali ya hewa haijabadilika. Sasa nanunua oili mwenyewe, naibeba kwenye buti, na nasimama hapohapo ikimiminwa. Kaka zangu mafundi, mnisamehe.

Na vumbi. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, na pembeni ya kiti hicho kuna tundu linalovuta hewa ya kuipoza. Mimi napakia mifuko ya mbegu hapo nyuma, na mfuko mmoja ulikaa umeziba tundu hilo siku nzima ya safari ya Mbozi bila mimi kujua, huku feni ikisikika inazunguka kwa nguvu. Jioni yake nilisafisha kwa brashi laini, ikatoka vumbi jekundu la kujaza kiganja. Tangu siku hiyo mzigo unakaa kwenye buti, kiti cha nyuma ni cha watu, na tundu nalisafisha kila nikijaza tenki la tatu. Nalo nimeliandikia safu yake kwenye daftari.