Kabla hujapiga Windows tena, pima remu kwanza: uzoefu wangu na Memtest86+

Kompyuta yetu ya mezani ilikuwa inajizima yenyewe bila mpangilio wowote. Leo inazimika ukiwa katikati ya kuandika, kesho inazimika haijaguswa, keshokutwa inashinda mchana kutwa bila shida. Mara inaleta skrini ya bluu, mara inawaka upya ghafla. Ni mashine ya mtumba, ina remu (kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hushikilia kazi ikiwa imewashwa) mbili za aina ya DDR3, kila moja GB 4, na kazi yake kubwa hapa nyumbani ni hesabu za kikoba chetu, ambazo nazitunza mimi kwenye Excel. Kwa hiyo ilipoanza kugoma, presha haikuwa yangu peke yangu. Kuna kina mama ambao hisa na marejesho yao yote yameandikwa mle.

Fundi wa kwanza aliniambia, "Dada, hii ni virusi tu, tupige Windows." Tukapiga, yaani tukaiweka Windows upya. Ikatulia kidogo, ikarudi kulekule. Fundi wa pili akasema Windows haikupigwa vizuri, akaipiga upya, nikalipa tena. Mafundi nawaheshimu, kazi yao ni ngumu, lakini kupiga Windows kumekuwa Panadol ya kila ugonjwa wa kompyuta. Kama kibovu ni kifaa chenyewe, hata Windows mpya kabisa itaanguka.

Kilichonifanya niishuku remu ni maandishi ya skrini ya bluu. Kila ilipotokea niliipiga picha kwa simu, na nakusihi nawe ufanye hivyo, maana hupotea haraka. Mara ilisema MEMORY_MANAGEMENT, mara IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, mara PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Tatizo likiwa la dreva moja (programu ndogo inayoendesha kifaa), mara nyingi ujumbe unajirudia uleule. Ukiona unabadilikabadilika hivi, remu ipimwe mapema. Dalili ya pili ndiyo iliyoniuma: faili la hesabu la mwezi mzima lilikataa kufunguka, eti limeharibika. Remu mbovu haiishii kuzima mashine. Data ikigeuzwa ikiwa mle, inahifadhiwa kwenye diski hivyohivyo ilivyogeuka. Ndiyo maana kabla ya kupima chochote nilinakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha nikafungua zile nakala kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha ziko salama.

Ndani ya Windows, kwenye Event Viewer (daftari la matukio ya mashine), nilikuta taarifa ya Kernel-Power 41 imejaa. Wapo wanaoiona hiyo wakakimbilia kununua pawasaplai (kifaa kinachoilisha mashine umeme). Inachosema ni kwamba mashine ilizimika bila kuzimwa sawasawa, basi, sababu haitaji. Joto nalo tuliliondoa kwenye hesabu: vumbi lilipulizwa, pesti ya prosesa ikabadilishwa, na bado ilianguka asubuhi ikiwa ya baridi.

Ndipo nikaja kwa Memtest86+. Ni programu ya bure, msimbo wake uko wazi, na inapatikana memtest.org. Angalia jina vizuri, ile alama ya kujumlisha mwishoni ina maana. MemTest86 ya asili iliandikwa na Chris Brady mwaka 1994. Hii yenye + ilitokana nayo mwaka 2004 kwa mikono ya Samuel Demeulemeester, na toleo la 6 la mwaka 2022 ndilo lililoiwezesha kufanya kazi kwenye mashine za UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta). Unaipakia kwenye flashi (flashi inafutwa yote, weka isiyo na kitu), unachomeka, unawasha mashine ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kubutia, yaani pa kuwakia. Kwangu ni F12. Kipimo kinaanza chenyewe, Windows haihusiki kabisa, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Inaandika namba kwenye kila sehemu ya remu, inazisoma tena, inalinganisha.

Niliiacha ikikesha. Mzunguko wa kwanza ulipita na PASS (imefaulu) kubwa ya kijani, kwa hiyo nakuomba usiizime hapo, maana mzunguko wa kwanza ni mwepesi kuliko inayofuata. Alfajiri nilikuta mistari myekundu imepangana. Kila mstari una safu ya Expected, yaani ilichotarajia, na Found, ilichokikuta. Nilisogeza macho karibu nikalinganisha: namba mbili ndefu, zimefanana zote isipokuwa herufi moja, palipotakiwa kuwa na f palikuwa na d. Ni biti moja tu (kipande kidogo kabisa cha data, 0 au 1) iliyokataa kubaki kwenye 1. Biti hiyo moja ndiyo ilikuwa inaniharibia hesabu za watu! Na kosa moja linatosha, remu isiyo mbovu haitakiwi kutoa hata moja.

Programu haikuambii ni remu ipi kati ya mbili. Hiyo kazi ni yako. Nilizima, nikachomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwasha ili umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma cha kasha, ndipo nikachomoa remu. Huku kwetu Tanga hewa ya bahari inashambulia kila kilicho cha madini, kwa hiyo nilisugua meno yake kwa ufutio kwanza. Kisha nikazipima moja moja. Remu ya kwanza, peke yake, safi. Ya pili ikatoa makosa, nikaihamishia nafasi nyingine kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), ikatoa tena. Hatua hiyo ya kuhamisha usiiruke, kwa sababu nafasi yenyewe nayo huweza kuwa mbovu na remu ikasingiziwa. Remu nyingine ya mtumba niliinunua kwa sharti la kuirudisha ikifeli kipimo, na bei yake haikufika nusu ya nilizolipa kwa kupigiwa Windows. Ikakesha bila kosa. Tangu hapo mashine haijaanguka.

Kasoro zipo. Yote ni Kiingereza, na sura yake inamtisha asiyezoea. Umeme ukikatika usiku unaanza upya, hivyo kama huna UPS (betri ya akiba) chagua siku vizuri. Mashine nyingine zitakutaka uzime kwanza Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizotambulika wakati wa kuwaka. Na PASS yake inahusu remu tu: kompyuta inayozimika papo hapo ukifungua kazi nzito, bila skrini ya bluu, anza na joto na pawasaplai, inayokwama muda mrefu kufungua mafaili, ipime diski kwa CrystalDiskInfo. Kwa ile inayoanguka hovyo na ujumbe tofauti kila mara, anza na hii usiku wa leo, kabla hujamwita mtu.